Matofali chini ya mihogo: historia ya udongo wa paseli zetu



Sezoni A ilipokaribia, bamama wa kikundi cha bustani walikwenda kulima paseli moja hapa Baraka, upande wa ziwa. Ilikuwa imekaa bila mtu miaka mingi, majani tu. Tulifikiri kazi itakuwa ya siku mbili, lakini jembe halikuingia. Kila pigo lilikutana na tofali. Zilitoka nusu-tofali, misumari yenye kutu, vipande vya chupa, kipande cha sahani chenye maua ya buluu. Chini yake, karibu mkono mmoja, wakakuta majiwe makubwa yaliyopangwa mstari mmoja, moja kando ya lingine. Wakaanza kuyatoa nayo.

Siku ya pili kijana mmoja alipita barabarani, akasimama. Akawauliza: "Bamama, muko munafanya nini? Ile majiwe ni fondasio ya nyumba ya papa yetu."

Kazi ikasimama pale pale. Jioni tulikaa kamati nzima, na maneno yakawa mengi. Wengine walisema: bustani ni chakula, majiwe ni majiwe. Wengine walinyamaza, kwa sababu walijua kwamba hata wao wanalala katika paseli zenye majiwe ya watu wengine. Ndiyo maana katika gazeti hili tumeona vema kuandika historia ya uchafu huu wa ujenzi: ulitoka wapi, ni nani aliuzika, na kwa nini siku hizi hatuutoi mbio mbio.

Nyumba zilizorudi udongoni

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Walijenga kwa miti, udongo na majani. Shamba likichoka, ugonjwa ukiingia, au ugomvi ukizidi, walihama. Paa likaanguka, mchwa wakala nguzo, mvua ikayeyusha ukuta. Baada ya miaka michache fasi ile ililimwa, tena ilizaa vizuri, kwa sababu ya majivu ya jikoni na takataka za nyumba. Alama ya kwamba mtu aliishi pale haikuwa ukuta. Ilikuwa miti aliyoipanda, makaburi, na midomo ya wazee waliokumbuka nani alikaa wapi.

Tofali la kuchoma lilikuja na watu waliotaka kukaa bila kuhama. Kusini ya Kalemie, Emile Storms alianzisha kituo cha Mpala mwaka 1883. Mwaka 1885 kikapita mikononi mwa Mapadri Weupe. Katika misioni za kando ya ziwa watu walijifunza kufinyanga tofali, kulipanga katika tanuru na kulichoma kwa kuni siku nyingi. Baadaye serikali ya Wabeleji ikajenga ofisi, gereza na nyumba za wakubwa kwa tofali hilo hilo, wakati ule ule ikihamisha vijiji na kuvipanga kando ya barabara ili kuhesabu watu na kukusanya kodi kwa urahisi.

Kisha sisi wenyewe tukalipenda. Mwalimu, karani, mchuuzi, mvuvi aliyepata injini, kila mmoja alitaka nyumba ya matofali na manjanja. Ilikuwa mshahara wa miaka mingi umesimama ukutani, watu wakiuona.

Lakini udongo ukipita moto mkali haurudi tena kuwa udongo wa kulima. Simenti nayo ikishikana imeshikana. Tangu siku ile nyumba zetu zikianguka haziyeyuki, zinabaki mle mle ardhini.

Tabaka za kukimbia

Mtu akichimba leo katika Fizi, anachimba vita zaidi ya moja.

Ya kwanza wazee wanaiita wakati wa Mulele. Mwaka 1964 uasi uliingia huku kwetu. Mwezi wa nne wa 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kusaidia waasi katika milima hii, akaondoka mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule bila kufaulu. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila na wenzake wakaanzisha chama chao cha PRP, wakashikilia maquis katika milima ya Fizi kwa miaka mingi. Watu wa kawaida walikimbilia porini au ng'ambo. Waliobaki au waliorudi walijenga upya juu ya mabaki ya kwanza.

Ya pili ni ile tunayoikumbuka sisi wenyewe. Mwezi wa kumi 1996 vita vya AFDL vilianza katika Kivu ya Kusini. Uvira ilianguka kabla ya mwisho wa mwezi, na watu wa pwani wakashuka ziwani kwa mitumbwi na maboti kuelekea Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule kwa ajili ya Wakongomani, na ya Lugufu mwaka 1997. Wengine walianza kurudi, lakini mwezi wa nane 1998 vita ya pili ikawakuta njiani au mlangoni.

Nyumba iliyoachwa haianguki siku moja. Kwanza manjanja yanachukuliwa, kwa sababu yanabebeka na yanauzika. Kisha milango, madirisha na mbao za paa, ambazo askari na majirani wanazipikia. Sasa ukuta umebaki bila kofia. Nyumba zetu nyingi za matofali zilishikanishwa kwa udongo tu, simenti ikapakwa juu kidogo nje, makuta hayakutosha kwa zaidi. Mvua ikiingia kutoka juu inalainisha ule udongo wa katikati, na ukuta unaangukia ndani. Ndiyo sababu tulikuta milima midogo ya matofali katikati ya kila paseli, yenye majani na nyoka juu yake, na fondasio bado mzima chini.

Kambini tulijifunza bustani ndogo

Katika kambi za Tanzania hatukuwa na ruhusa ya kutoka mbali zaidi ya kilomita 4. Mashamba makubwa hayakuwepo. Basi bamama walipanda lengalenga, sombe, maharagi kidogo na vitunguu kati ya mlango na choo. Maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa pale pale. Watoto wetu wengi hawakujua shamba lingine.

Kule nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, yaliyofinyangwa kwa udongo wa uwanja ule ule, na shitingi au majani juu. Ikibomolewa, unamwaga maji, unalima. Ujuzi huo ulitusaidia sana, lakini pia ulitudanganya. Tulirudi nyumbani tukifikiri kila uchafu wa nyumba ni rafiki wa bustani.

Tuliporudi, tulizika

Baada ya mapatano ya Pretoria ya 2002 na serikali ya mpito ya 2003, safari za kurudi zilipangwa. Mwezi wa kumi 2005 meli za HCR zilianza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Lugufu ilifungwa 2009. Nyarugusu ipo mpaka leo, na wengi wa jamaa zetu wako kule.

Tuseme wazi yale tuliyoyafanya. Mtu alishuka na watoto, shitingi, jembe, mbegu na chakula cha muda. Mvua ilikuwa inaanza. Alihitaji fasi ya kulala na fasi ya kupanda kabla posho haijaisha. Alichagua matofali mazima kwa nyumba mpya, na yaliyovunjika akayasukuma katika shimo la zamani la choo, katika kisima kilichoanguka, au akayatandaza tu na kuyafunika kwa udongo. Wale waliokuja kutusaidia kusawazisha uwanja walifanya vile vile. Hakuna aliyekuja na buruweti ya kutoa uchafu nje. Msaada wote ulikuwa wa kusimamisha ukuta, na wa kusafisha udongo haukuwepo.

Halafu tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2005 tetemeko kubwa la ardhi, la kipimo cha 6.8, likapiga upande wa ziwa letu na kuangusha nyumba katika Kalemie. Kuanzia 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mpaka yakaingia katika nyumba za kando, Uvira na Baraka pia. Kila tukio liliacha matofali mapya chini, na sisi tukazoea: kinachoanguka, fukia.

Udongo ulijibu polepole

Mwaka wa kwanza bustani hizo zilipendeza. Majani yaliyooza na majivu ya kichaka kilichochomwa yalilisha mimea. Mwaka wa tatu, wa nne, mambo yakabadilika, na watu wakaanza kusema wamerogwa.

Uchawi haukuwepo. Palikuwa na mambo matatu, na kila moja linaonekana kwa macho.

La kwanza ni kina. Ukiwa na udongo wa vidole vinne juu ya matofali, unakauka upesi. Lengalenga inavumilia, kwa kuwa mizizi yake mingi iko juu. Muhogo unataka kushuka na kunenepa. Ukigonga tofali, kiazi kinajikunja na kubaki kama kidole.

La pili ni chokaa na simenti. Vipande vyake vikisagika vinatoa chokaa katika udongo kwa miaka mingi, na ladha ya udongo inabadilika. Chuma na zinki ambavyo mmea unahitaji vinakuwapo lakini haviyeyuki, hivyo mzizi hauvipati. Maharagi yanakuonyesha: majani machanga yanageuka manjano, mishipa yake inabaki kijani. Ukiongeza majivu hapo unazidisha ugonjwa, kwani majivu nayo ni ya upande ule ule wa chokaa. Kule milimani, udongo ulio mkali, chokaa kidogo kingeweza kusaidia. Hapa chini, katika shimo la simenti iliyovunjika, ni kingi kupita kiasi.

La tatu ni vitu vinavyoumiza. Misumari na chupa vinakata miguu ya watoto, na pepopunda inaua. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile metali. Betri za radio na za gari zina sumu. Katika majengo ya wakati wa Wabeleji kuna pia mabati ya kijivu, mazito, ya simenti iliyochanganywa na amianti. Vumbi lake likiingia kifuani linaleta magonjwa mabaya baada ya miaka mingi. Na kuna vitu vya vita, ambavyo tutavisema chini.

Tofali la kuchoma lenyewe, likiwa bila rangi, halina kosa. Halina sumu, linanyonya maji na kuyatoa polepole. Kosa ni wingi wake na fasi lilipolala.

Majiwe ya jirani

Sasa turudi kwa yule kijana.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya dola. Mtu anapata haki ya kuutumia. Lakini wengi wetu tulikimbia bila karatasi yoyote, na wengi hatukuwa nayo hata kabla. Tuliporudi, tulikuta watu wengine ndani ya paseli zetu, nao wengine walikimbia kutoka kwao. Mbele ya shefu wa kartie tulithibitisha vipi? Tulisema: hapa palikuwa mlango, pale jiko, mungazi huu ulipandwa na mama. Kisha tukachimba, na fondasio ikajibu kama tulivyosema. Wengi wetu katika shirika hili tulipata paseli zetu kwa njia hiyo. Majiwe yalisema kwa niaba yetu.

Na sisi hao hao tukaenda kung'oa majiwe ya mtu ambaye bado hajarudi. Hatukukusudia ubaya, lakini hatukuuliza. Kamati ilipewa paseli kwa mdomo tu, na hatukutafuta zaidi. Kosa ni letu.

Wazee wa lubunga waliitwa, pamoja na shefu wa kartie na mama mmoja mzee ambaye ni jirani wa tangu zamani. Kijana alieleza: baba yake alifariki kambini, mama na dada yake wako Nyarugusu, yeye alitangulia peke yake na anakaa kwa mjomba. Hakuwa na makuta ya kujenga, ndiyo sababu alinyamaza. Lakini kila wiki alipita njia ile kuangalia kama fondasio iko.

Pembe moja ya nyumba haikuwako tena. Majiwe yake tulikuwa tumeyapasua na kuyatia katika msingi wa choo cha kikundi. Yule mama mzee alipima kwa hatua zake kutoka kwenye mti wa mwembe, akaweka fimbo: "Ilifika apa." Kijana alikubali, na tukaweka majiwe mengine pale. Hata hivyo si yale yale, na alituambia hivyo.

Mapatano yaliandikwa. Fondasio inabaki kama ilivyo. Bamama wanalima upande wa mashariki kwa sezoni tatu, na sehemu ya mavuno inakwenda kwa kijana. Matofali yote mazima yaliyotoka yamepangwa kando kwa jina la familia yake. Dada yake, tulipompigia simu, alisema hatakubali kabisa mpaka aje aone kwa macho. Ni haki yake. Tunamngoja.

Namna tunavyofanya sasa

Kutokana na hayo tumeweka utaratibu, na tunaomba kila mwanachama aufuate.

Kabla ya jembe, uliza. Jirani mzee, shefu wa kartie, jamaa walio kambini kwa simu. Andika jina la aliyeishi pale.

Uliza pia kama askari waliwahi kulala au kupigana fasi ile. Kama ndiyo, usichome ardhi kwa chuma, usiwashe moto juu yake. Ukiona kitu cha chuma chenye umbo usilolijua, usikiguse, usikitupie jiwe. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, mwambie shefu ili waitwe watu wa kutegua mabomu.

Fasi ikiwa salama, chimba shimo dogo la kujaribu katika kila pembe na moja katikati, mpaka chini ya goti. Hapo utajua unene wa uchafu kabla ya kujichosha. Ukikuta majiwe au matofali yaliyopangwa mstari, simama. Pima urefu na upana kwa kamba, chora kwenye daftari, piga picha kwa simu kama iko, na uite mashahidi wawili. Mstari huo usiutoe.

Yaliyolala ovyo tu ndiyo yanatolewa. Kiangazi ndio wakati mzuri, udongo ukiwa mkavu na kupita kwenye chekeche ya nyavu. Vaa viatu vya kufunika mguu. Tenganisha: matofali mazima ni ya mwenye paseli, vipande bila rangi ni vya njia, mfereji na sakafu ya choo, simenti na chokaa ni vya kujaza mashimo ya barabara, mbali na bustani. Chupa na misumari vitiwe katika bidoni iliyokatwa. Mabati ya kijivu usiyavunje wala kuyafagia. Yaloweshe maji, yafunge ndani ya shitingi, yazikwe mbali na kisima na bustani, na fasi iandikwe.

Kama hujui kipande ni chokaa au ni jiwe tu, saga kidogo, kamulia ndimu. Likitoa povu, kuna chokaa.

Pale uchafu ulipo mnene mno, au pale fondasio ya mtu inalala, usichimbe. Pandisha tuta juu yake: zungushia nusu-tofali safi, jaza udongo mzuri na mbolea iliyooza, kimo cha mikono miwili iliyopandana. Lengalenga, vitunguu na mboga nyingine za mizizi mifupi zitakula hapo. Muhogo uutafutie fasi yenye kina, kama kule bonde la Mutambala.

Kwa wafadhili, na kwa walio mbali

Wafadhili wetu wametupa mbegu na majembe, tunashukuru kwa moyo. Tunachoomba msimu huu ni buruweti, beche, viatu, chekeche na madaftari makubwa ya kuandika fondasio. Mbegu nzuri juu ya simenti iliyovunjika ni hasara ya wote wawili, aliyetoa na aliyepanda.

Kwa wanachama: mwezi wa pili wa 2025 tuliona tena watu wengi wa upande wa Uvira na bonde la Ruzizi wakivuka kuingia Burundi na mizigo kichwani. Paseli zao sasa ziko vile zetu zilivyokuwa 1996. Kama umebaki karibu nazo, usichukue jiwe la pembe. Kama unajua nani alijenga wapi, njoo siku ya mkutano, umwambie mwandishi wa kamati, aandike. Daftari la kwanza limeshafunguliwa, na jina la kwanza ndani yake ni la familia ya yule kijana.